Amri ya Ulinzi ya Muda na Safari Yake Kutoka Mahakamani Hadi Mlangoni

Hotuba kwa wazee wa mitaa, viongozi wa dini na wasaidizi wa kisheria wa Kaunti ya Kwale, katika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia

Waheshimiwa machifu na manaibu wenu, masheikh na wachungaji, wazee wa mitaa, mama zangu na dada zangu mnaofanya kazi ya usaidizi wa kisheria vijijini, assalamu alaikum. Na walio wa imani nyingine nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nilialikwa nizungumzie ukatili wa majumbani kwa upana wake, lakini nimewaomba wenyeji wangu waniruhusu nizungumzie karatasi moja tu, inayoitwa amri ya ulinzi ya muda, yaani katazo la mahakama kwa mtu anayemtendea mwenzake ukatili nyumbani, kwa sababu katika miaka yangu ya uwakili huku pwani nimeona kwamba watu wengi wamesikia jina lake, wachache wamewahi kuishika, na walio wachache zaidi wanajua ifanyiwe nini baada ya hakimu kuitia saini.

Mwaka mmoja alinijia mama mmoja akiwa na karatasi hiyo, ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso yake. Alikuwa ameipata wiki tatu kabla. Katika wiki hizo tatu alikuwa amepigwa mara mbili, na kila alipopigwa aliishika ile leso akidhani kuna jambo litakalotokea. Nilipomuuliza kama mumewe alikwisha kupelekewa nakala, aliniuliza, "Kwani si mahakama inamwambia?" Hakuna aliyekuwa amemweleza, na afisi aliyoelekezwa ili apate msaada wa kuifikisha amri ile ilikuwa imemrudisha mara mbili kwa kukosa gari. Mumewe hakujua kwamba mahakama ilikuwa imemkataza lolote. Nimelibeba swali la mama yule tangu siku ile, na ndilo linaloongoza maneno yangu ya leo.

Nianze na sheria yenyewe. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2015. Kabla ya hapo, aliyepigwa nyumbani alikuwa na njia ya kesi ya jinai, yaani shtaka la kushambulia au kujeruhi, na njia hiyo ilimtaka kwanza aumie ndipo aende kulalamika. Sheria ya 2015 iliongeza njia ya pili, ya madai, inayotazama mbele: haiulizi tu mtu huyu alitenda nini jana, inauliza pia atazuiwa vipi asitende kesho. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja. Mtu anaweza kumshtaki mkosaji polisi na wakati huo huo akaomba amri ya ulinzi mahakamani, na hakuna anayepaswa kumwambia achague moja. Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 29, inayompa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa vyombo vya serikali au kwa watu binafsi, na ndani ya nyumba ndiko uliko ukatili mwingi wa watu binafsi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kwa wanaume wa umri huo ilikuwa asilimia 27, na nataja idadi hiyo kwa sababu sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya jinsia moja. Mwanamume anayepigwa au mzee anayenyanyaswa na mwanawe anaingia mlango huo huo.

Maana ya ukatili katika sheria hii ni pana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kupigwa kumo, na vitisho vimo, lakini pia kumetajwa kumfuatafuata mtu, kumtusi, kuharibu mali yake, kumzuia asiingie katika makazi yake, kumnyanyasa kiuchumi kwa kumnyima anachostahili, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, kurithi mjane kwa nguvu, na hata kuingiliwa na wakwe. Hilo la mwisho nawaomba wazee mlisikie vizuri, kwa sababu katika nyumba zetu za pwani, ambamo mke huishi chumba kimoja katika nyumba ya ukoo pamoja na mama mkwe na mawifi, mara nyingi mkono unaopiga ni wa mume lakini anayeuchochea yuko chumba cha pili.

Uhusiano unaolindwa nao ni mpana. Wengi huja wakiniuliza, "Wakili, mimi sina cheti cha ndoa, nitasikilizwa?" Utasikilizwa. Sheria inawataja waliooana, waliowahi kuoana, wachumba, wanaoishi nyumba moja, jamaa wa familia, waliozaa pamoja, na walio katika uhusiano wa karibu. Mnamkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Septemba 2024 alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume aliyewahi kuishi naye, waliokuwa wakizozana kuhusu ardhi, na akafariki dunia tarehe 5 ya mwezi huo katika hospitali ya Eldoret. Aliyemchoma hakuwa mtu wa kupita njia, wala uhusiano wao haukuwa bado unaendelea. Mwaka ule ule, tarehe 27 Januari, maelfu walikuwa wameandamana katika miji yetu kupinga mauaji ya wanawake. Mauaji ya namna hii mara nyingi hutokea pale mwanamke anapoondoka, anapodai chake au anapofungua mdomo. Siku hizo chache baada ya kusema ndizo za hatari kuu, na ni kwa ajili ya siku hizo amri ya muda ilitungwa.

Sasa tuingie mahakamani. Maombi hupelekwa mbele ya hakimu. Mwombaji huandika maombi pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo yake anayoyaapia, na jambo likiwa la haraka huambatanisha cheti cha dharura kinachoeleza kwa nini haliwezi kusubiri. Hakimu anaweza kuyasoma siku hiyo hiyo na kutoa amri ya muda bila kumwita kwanza mlalamikiwa, akiridhika kwamba kungoja kungemtia mwombaji hatarini. Kisha huweka tarehe ambayo pande zote mbili zitakuja, zisikilizwe, na hapo ndipo ataamua kama amri iwe ya kudumu zaidi, ibadilishwe au iondolewe.

Nimewasikia wazee wakilalamika kwamba si haki kumhukumu mtu hajasikilizwa. Ni lalamiko linalostahili jibu, kwa kuwa sisi sote tumelelewa kusikiliza pande mbili. Jibu langu ni kwamba amri ya muda si hukumu. Haimtii mtu hatiani, haimpeleki jela, haivunji ndoa, wala haimnyang'anyi baba wanawe moja kwa moja. Inamwambia akae kando na asiguse, mpaka siku ya kusikilizwa, na siku hiyo anakuja na wakili wake, mashahidi wake na maelezo yake. Anaweza hata kuomba mahakama iiangalie upya amri hiyo kabla ya tarehe. Tukiweka katika mizani mwanamume anayelala kwa ndugu yake wiki mbili bila sababu, na mwanamke anayelala wiki mbili na mtu aliyeahidi kumuua, sioni ugumu wa kujua ni hasara ipi inayoweza kurekebishwa baadaye.

Katika hati ya kiapo ndipo maombi mengi hushinda au hushindwa, kwa hiyo wasaidizi wa kisheria naomba mnivumilie kidogo hapa. Msiandike "mume wangu hunipiga kila siku". Hakimu hawezi kulipima neno hilo. Mwulizeni mama ilikuwa lini, na kama hakumbuki tarehe, mwulizeni ilikuwa karibu na jambo gani, kwa maana atakwambia ilikuwa Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi, au siku ya mtihani wa mtoto, nanyi mtaipata tarehe. Andikeni alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya aibu. Andikeni alishika nini mkononi, nani alisikia, na watoto walikuwa wapi. Elezeni tukio la kwanza, lile baya zaidi, na lile la karibuni, kisha mweleze kwa nini leo anaogopa kuliko mwezi uliopita. Kama kuna nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kutoka kituoni, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, iliyojazwa na daktari, ujumbe wa simu au picha, viambatanisheni. Lakini asirudishwe mtu kwa kukosa jeraha. Haya ni maombi ya madai, hayadai ushahidi usioacha shaka kama kesi ya jinai, na kiapo cha mwombaji mwenyewe ni ushahidi.

Aliyenyamazishwa kwa woga naye hajaachwa. Sheria inaruhusu taarifa itolewe polisi kwa mdomo, kwa maandishi au hata kwa ishara, na mlalamikaji akitaka anaweza kuomba asikilizwe na askari wa jinsia yake. Maombi ya mahakamani pia yanaweza kuletwa na mtu mwingine kwa niaba yake, kama vile jamaa, jirani, mfanyakazi mwenzake au afisa wa ustawi wa jamii, na mtoto anaweza kuwakilishwa.

Nini kinaweza kuandikwa ndani ya amri? Kwanza ni makatazo: asimpige, asimtishe, asimfuatefuate, asiharibu mali yake, na asimtume mwingine afanye yale aliyokatazwa yeye. Mahakama inaweza kumkataza kukaribia nyumba au mahali pa kazi pa mwombaji, inaweza kuamuru silaha zichukuliwe, inaweza kuamuru askari amsindikize mwombaji kuchukua vitu vyake, na inaweza kuamuru fedha za dharura. Lakini lililo zito kuliko yote ni la nyumba. Mahakama inaweza kumpa mwombaji haki ya kukaa yeye katika makazi waliyokuwa wakiishi pamoja, au katika sehemu yake, na kumtoa mlalamikiwa, hata kama nyumba ni ya mlalamikiwa au ni yeye anayelipa kodi.

Najua sentensi hiyo imewashtua wengine wenu. Huku kwetu mwanamke akipigwa ni yeye anayefunga mkoba, anachukua watoto na kurudi kwao, watoto wanaacha shule, naye anakuwa mgeni katika nyumba ya kaka yake. Tumelizoea hilo mpaka tunaliona ndilo la kawaida. Sheria haikumpa mtu umiliki wa nyumba isiyo yake. Hati ya nyumba inabaki ilivyo na jina linabaki lile lile. Ilichosema ni kwamba, kwa wakati huo, anayehatarisha wenzake ndiye atakayetafuta pa kulala. Mtu akiishi katika nyumba ya ukoo wa mume ni vigumu zaidi, na sitawaficha kwamba hapo mara nyingi mimi mwenyewe humshauri mama aombe ulinzi popote atakapokuwa, kwa sababu kumtoa mume mmoja hakuwatoi mawifi wanne. Nyumba za hifadhi ni chache mno, na hilo linaniuma.

Sasa nirudi kwenye leso ya yule mama. Amri imesainiwa na kupigwa muhuri, mwombaji anaondoka masjala na nakala zake. Amri hiyo ipo kisheria, lakini mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuvunja katazo asilolijua. Kwa hiyo mlalamikiwa lazima apelekewe nakala, na aliyempelekea lazima aape kiapo kinachosema siku, saa na mahali alipompa, ili kesho asije akasema hakuona kitu. Mwombaji asitumwe kuipeleka yeye. Nimewaona wanawake wakiambiwa, "Mpe mwenyewe, si mnakaa pamoja?" Huko ni kumtuma mtu akajitoe mwenyewe. Ipelekwe na askari au na mtu anayepeleka hati za mahakama, na ifaapo saa ambayo mwombaji na watoto hawamo ndani. Nakala nyingine ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu na anapoishi, na iandikwe kwenye OB, kwa sababu askari wa zamu ya usiku atakayepigiwa simu hakuwepo mahakamani na hamjui mtu.

Hapa ndipo ninapowahitaji ninyi kuliko ninavyomhitaji hakimu. Askari mgeni hajui njia za vijiji vyetu. Mzee wa mtaa anazijua. Anajua mlalamikiwa anakunywa kahawa wapi, anarudi bahari saa ngapi, na ni nani anayemheshimu kiasi cha kupokea karatasi mbele yake bila fujo. Chifu akiongozana na askari, amri inafika kwa jioni moja. Nakala ikiisha kufika, mjumbe wa Nyumba Kumi aijue tarehe ya kesi na ajue amri imekataza nini, pasipo kuifanya habari ya barazani, kwa maana siri ya mwombaji nayo inalindwa.

Akiivunja amri, hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Kuivunja si kupiga tu. Kama amekatazwa kufika dukani kwa mwombaji na amefika, hata akiwa amebeba zawadi, ameivunja. Kama alikatazwa kutuma watu na amemtuma mama yake kwenda kumbembeleza, ameivunja. Aripotiwe mara hiyo hiyo, nambari ya OB ichukuliwe, na mahakama ijulishwe. Na kama mwombaji mwenyewe amelainika na anataka wazungumze, aende mahakamani aombe amri ibadilishwe. Maneno ya sebuleni hayafuti amri ya hakimu, na kuliacha jambo likining'inia kunawachanganya polisi siku mambo yatakapoharibika tena.

Nimeacha la sulhu mpaka sasa kwa makusudi. Hatuna ugomvi na sulhu. Masheikh hapa wanaijua Surat An-Nisaa, aya ya 35, inayoagiza apelekwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, na Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Lakini Ibara hiyo hiyo inasema njia za jadi zisitumiwe kwa namna inayovunja haki za msingi. Upatanisho hudai watu wawili wanaoweza kusema. Mwanamke aliyekalishwa mkekani mbele ya wazee wanane, mumewe akiwa kando yake, akijua jioni watarudi chumba kimoja, atasema amesamehe, na nyote mtaondoka mkidhani mmemaliza. Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na methali hiyo inafaa kwa ugomvi wa ndugu wawili wenye nguvu sawa; aliyekabwa koo hana ugomvi na mtu, ana mtu aliyemkaba. Amri ya muda itangulie, kila mtu alale mahali pake, kisha wazee wakae, na kama mwombaji hataki kukaa, asilazimishwe.

Wengine huuliza kuhusu Mahakama ya Kadhi. Kadhi amepewa na Katiba mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Mwenye kesi ya talaka kwa Kadhi haondolewi haki yake ya kwenda kwa hakimu kuomba ulinzi wa mwili wake, na makadhi niliowahi kufika mbele yao wamelielewa hilo vizuri.

Nina neno moja kwa walio karibu na mpaka. Familia nyingi za Lunga Lunga zina nyumba upande huu na shamba upande wa Horohoro. Amri ya mahakama ya Kenya haimwamrishi askari wa Tanzania. Tanzania haina sheria maalumu ya ukatili wa majumbani kama hii yetu, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na vituo vya polisi huko vina dawati la jinsia na watoto. Mwanamke akivukia kwa wazazi wake upande wa pili, asidhani karatasi ya Kwale itamfuata. Aende kwenye dawati hilo aanze upya na aiambatanishe kama ushahidi.

Aliye na hatari usiku huu asingoje hotuba wala hakimu. Nambari ya simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia ni 1195, haina malipo, na ya watoto ni 116.

Mama wa leso tulimrudisha masjala asubuhi iliyofuata, tukapata nakala mpya, na mzee wa mtaa wake, mtu wa miaka sabini na kitu aliyekuwa na baiskeli tu, alikwenda na askari mmoja mpaka bandarini mumewe alipokuwa akishona nyavu. Ilichukua chini ya saa moja. Tarehe ya kusikilizwa ilipofika mlalamikiwa aliomba muda wa kutafuta wakili, akapewa. Tarehe ya pili hakimu alikuwa mgonjwa. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo tangu hapo namwambia kila mwombaji, nanyi nawaomba mlipeleke vijijini kama lilivyo: amri ya muda huandikwa hadi tarehe fulani, na kesi ikiahirishwa haijiongezi yenyewe. Kabla ya kutoka chumba cha mahakama, hata kama mmeambiwa mrudi mwezi ujao na wote wanasimama kuondoka, mwombaji anyooshe mkono aombe amri iendelezwe hadi tarehe mpya, na asitoke mlangoni mpaka amesikia hakimu akilitamka hilo na karani akaliandika.